Lenzi ya harusi: ya Canon au ya kampuni nyingine? Pima fokasi kwanza

Malalamiko ya wapiga picha za harusi, kuanzia Mlandege, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, hayapishani sana. Kwenye skrini ya kamera picha safi kabisa. Ukiifungua kwenye kompyuta, kope za bibi harusi zimefifia na kinachoonekana vizuri ni hereni. Lenzi ni mpya, ya kampuni nyingine, imenunuliwa rahisi, na muuzaji aliapa kuwa "ni ile ile, tofauti jina tu".

Uzito, rangi na ukali wa vioo havina nafasi hapa. Lenzi nyingi za leo ni kali za kutosha. La kuulizwa ni moja: je, otofokasi, yaani kamera kujitafutia yenyewe mahali pa kuwa pakali, inarudi palepale kila ukibonyeza?

Kuna makosa ya aina mbili na watu huyachanganya. La kwanza ni la kudumu: kila picha fokasi inaangukia mbele kidogo, au nyuma kidogo, kwa kiasi kile kile. Hilo lina dawa. La pili ni la kubahatisha: picha hii mbele, ile nyuma, ya tatu sawa. Hilo halina dawa, na lenzi yenye tabia hiyo irudishwe siku hiyo hiyo.

Chanzo chake kinaeleweka. Kamera ya DSLR, yaani yenye kioo ndani, mfano Canon 6D au 80D, ukiitumia kwa kuchungulia tunduni hupima fokasi kwa sensa ndogo iliyo chini ya kioo cha ndani, si kwa sensa inayopiga picha. Kamera inaiamuru lenzi isogee kiasi fulani, lenzi inatii. Lugha ya amri hizo ni ya Canon, na waliotengeneza lenzi za EF, yaani za kuingia kwenye DSLR za Canon, nje ya Canon wameijua kwa kutega sikio mlangoni. Mara nyingi wamesikia vizuri, mara nyingine wamekosa neno. Na nafasi ya kukosea ni finyu: ukiwa na 80D, lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), mtu akiwa mita 1.5, eneo lote kali ni kama sentimita 6, mbele na nyuma pamoja.

Upimaji huchukua dakika kumi. Weka kamera kwenye tripodi. Mita 1.5 mbele yake simamisha boksi lenye maandishi, na kando yake laza rula kwa mshazari, katikati ya rula ilingane na uso wa boksi. Chagua f/1.8, pointi ya fokasi ya katikati peke yake, modi ya One Shot (fokasi hufungwa mara moja), spidi isipungue 1/200. Kabla ya kila picha peleka swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono), zungusha ringi hadi mwisho wa mbali, rudisha AF (otofokasi), ndipo ubonyeze. Piga kumi hivyo, kisha kumi nyingine ukianzia mwisho wa karibu. Malizia na tano kwa Live View, yaani ukitazama kwenye skrini badala ya tunduni, ambayo hupima kwenye sensa kuu yenyewe.

Zile tano zikiwa safi na ishirini zote zimeangukia upande mmoja, lenzi na kamera hazijapatana tu, zinarekebishika. Ishirini zikitawanyika huku na huku, iache dukani. Hata Live View ikikosea, shaka ielekee kwenye mota au vioo.

Rudia ndani, penye mwanga hafifu, maana jua la Forodhani humsitiri kila mwongo na taa za rangi za ukumbini humuumbua. Ila usiihukumu lenzi kwa baibui jeusi: kitambaa kisicho na mistari hakina pa kushika, hata lenzi nzuri itahangaika huku na kule. Lenga pale mtandio unapokutana na uso.

Kosa la kudumu hurekebishwa kwa AF Microadjustment, kipimo kilichomo kwenye menyu ya kamera, kutoka -20 hadi +20. 6D, 70D, 80D na 5D Mark II kuendelea zinayo. 60D, 700D na 4000D hazina, na mwenye kamera hizo ndiye anayeuziwa lenzi za bahati nasibu kuliko wote.

Sasa cheo cha lenzi, kwa kigezo hicho cha fokasi. Ya kwanza ni Canon EF 85mm f/1.8 USM, na upendeleo huu haufichwi. Ni ya mwaka 1992, haina kitulizi cha mtikisiko, hutoa ukingo wa zambarau penye mwanga mkali, lakini mota yake ni ya haraka na inarudi palepale. Hata ya mtumba inafaa. Imulike kwa tochi tu utafute kuvu, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma. Ya pili EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, gramu 160. Usipewe ile ya zamani ya II yenye shingo ya plastiki ukaambiwa ni moja.

Ya tatu Sigma 50mm f/1.4 Art, lakini pamoja na USB Dock, kifaa cha kuunganisha lenzi na kompyuta, ambacho hurekebisha fokasi kwa umbali wa aina nne na kuingiza programu mpya ndani ya lenzi. Pasipo Dock ishushe mkiani. Tamron SP 85mm f/1.8 na TAP-in yake, kifaa cha kazi ile ile, inafuata. Yongnuo 50mm ni ya kujifunzia. Harusi ya watu usiiende nayo.

Wenye mirolesi, kamera zisizo na kioo cha ndani, wana nafuu, kwa kuwa fokasi hupimwa kwenye sensa yenyewe na kosa la kudumu karibu linatoweka. Sony ilifungua maelezo ya maunti yake ya E (mahali lenzi inaposhikana na kamera) mwaka 2011, hivyo Sigma na Tamron humo ni salama, ingawa hazivuki picha 15 kwa sekunde. Canon RF, maunti ya mirolesi za Canon, iliwabania mlango watengenezaji wengine wa lenzi za otofokasi hadi 2024, ikaufungua kwa lenzi za APS-C, yaani za kamera zenye sensa ndogo. Mwenye R6, mirolesi ya Canon yenye sensa kubwa, achukue ile 85mm ya zamani na adapta ya Canon.

Wauzaji nao! Ukiuliza bei unatajiwa dola, ukiuliza kwa nini imepanda unaambiwa ushuru, ukiomba kupima unaambiwa boksi likifunguliwa umenunua. Iliyonunuliwa Kariakoo ya Dar es Salaam ikikorofisha, nauli ya boti kwenda na kurudi ni juu yako. Siku za kurudisha ziandikwe kwenye risiti kabla pesa hazijatoka mfukoni. Stika ya "orijino" si waranti. Waranti ina namba, na namba hiyo iwe ile ile iliyochapwa kwenye lenzi.