Kukadiria ukubwa wa mtoto wa mbwa na kumchagulia chakula: vikokotoo, chati, DNA na mifuko yenyewe

Jedwali lililo nyuma ya mfuko wa chakula cha watoto wa mbwa huuliza mambo mawili: umri wa mbwa sasa, na uzito atakaokuwa nao akikomaa. La kwanza linajulikana, au linakisiwa kwa meno. La pili ndilo linalosumbua, na ndilo linaloamua karibu kila kitu: kama anunuliwe chakula cha mbwa wa aina kubwa, apewe gramu ngapi, na lini ahamishiwe chakula cha wakubwa. Ndiyo maana tunatathmini zana za kukadiria uzito pamoja na chakula chenyewe. Zana ikikosea, hata chakula kizuri kitalishwa vibaya.

Vikokotoo vya mtandaoni

Vingi vinatumia kanuni moja: gawa uzito wa leo kwa umri wa wiki, kisha zidisha kwa 52. Mtoto wa kilo 10 mwenye wiki 16 anatoka na kilo 32.5. Hesabu ni rahisi, jibu linakuja papo hapo, na mara nyingi si sahihi. Kanuni hii inachukulia kwamba mbwa huongezeka kiasi kilekile kila wiki mpaka mwaka unapotimia. Hakuna mbwa anayekua hivyo. Ukuaji huenda kasi miezi ya mwanzo, halafu hupungua taratibu, na kila aina ina kasi yake. Mbwa mdogo hufika nusu ya uzito wake wa mwisho akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, mkubwa akiwa na miezi mitano hivi, na wale majitu huchelewa zaidi ya hapo.

Kosa huonekana waziwazi kwa mbwa mdogo wa wiki 26. Ana kilo 4, kikokotoo kinasema atafika 8. Lakini mbwa mdogo wa miezi sita ameshamaliza takriban robo tatu ya ukuaji wake, kwa hiyo ataishia kwenye kilo 5 na ushee. Hata Labrador wa wiki 16 mwenye kilo 13 anatabiriwa kilo 42, wakati Labrador wengi wenye umbo zuri wako karibu na 30. Kosa linaelekea upande uleule, juu, na hilo ndilo baya lake: linamfanya mwenye mbwa aamini kwamba mbwa bado ana njaa ya kukua.

Vikokotoo vilivyo afadhali huuliza kwanza kama mbwa ni mdogo, wa kati, mkubwa au jitu, kisha vinatumia nukta ya nusu ya uzito: kwa mbwa wa kati, uzito wa wiki 16 mara mbili, na kwa mkubwa, uzito wa wiki 20 hivi mara mbili. Hivi tunavikubali kama makisio ya kuanzia, hasa vinapotoa jibu la masafa, kwa mfano kilo 18 hadi 23. Kikokotoo kinachokupa desimali mbili usikiamini kwa sababu ya desimali hizo.

Umri nao unaharibu hesabu. Mtoto wa kilo 4 akihesabiwa kuwa na wiki 8 anatoka na kilo 26, akihesabiwa wiki 10 anatoka na 20.8. Kama tarehe ya kuzaliwa haijulikani, tazama mdomoni kabla ya kujaza chochote. Meno yote 28 ya utoto huwa yametoka kati ya wiki ya 6 na ya 8. Meno ya mbele ya kudumu huanza kusukuma kati ya wiki ya 12 na ya 16. Chonge za kudumu hutoka karibu na mwezi wa tano au wa sita, na meno yote 42 hukamilika kufikia mwezi wa saba hivi.

Chati za WALTHAM

Kati ya zana zote hizi, chati za WALTHAM, kituo cha utafiti wa wanyama wa nyumbani, ndizo tunazozipendekeza bila kusita, na ni za bure. Zilichapishwa mwaka 2017, zikitokana na kumbukumbu za uzito wa mbwa wenye afya na umbo la kawaida waliopimwa kliniki nchini Marekani. Madume na majike wana chati zao mbalimbali. Kuna makundi matano ya uzito wa utu uzima: chini ya kilo 6.5, kilo 6.5 hadi 9, 9 hadi 15, 15 hadi 30, na 30 hadi 40. Kila chati inaanzia wiki ya 12 na ina mistari tisa iliyopinda.

Matumizi yake ni haya. Mpime mbwa kila baada ya wiki mbili, kwenye mizani ileile, kabla ya kula. Asiyetulia mbebe, jipime naye, kisha toa uzito wako. Kwa mbwa wa chini ya kilo 5 njia hiyo haifai, tumia mizani ya jikoni na beseni. Weka nukta kwenye chati. Mtoto anayekua vizuri hufuata mstari wake, uwe wa juu au wa chini. Akivuka mistari miwili kwenda juu, anakula kupita kiasi. Akivuka miwili kwenda chini, tafuta minyoo, kuhara, chakula kidogo au ugonjwa, na umwone daktari wa mifugo.

Upungufu wake ni mmoja mkubwa: lazima ujue kundi la uzito kabla ya kuchagua chati. Kwa chotara asiyejulikana wazazi, chora nukta kwenye chati mbili zinazopakana na uendelee na ile ambayo nukta zake zinakwenda sambamba na mstari. Ile inayozifanya zikate mistari mfululizo tangu mwanzo huenda si yake. Mbwa watakaozidi kilo 40 hawana chati kabisa. Kwao kinachobaki ni mizani na mkono, na mkono tutaurudia.

DNA, na habari ya miguu mikubwa

Kipimo cha DNA huchukuliwa kwa pamba ya kusugua shavu la ndani, na majibu huja baada ya wiki kadhaa. Kina msingi wa kweli. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba tofauti katika jeni la IGF1 inachangia sana udogo wa mbwa, na tangu hapo jeni nyingine za ukubwa zimeongezwa. Kwa chotara ambaye wazazi hawaonekani, tungeilipia huduma hii kabla ya kuamini kikokotoo chochote. Lakini jeni haijui bakuli lina nini. Kipimo kinakadiria mbwa wa umbo zuri, si mbwa aliyenenepeshwa. Kama wazazi wote wawili wapo na uzito wao unajulikana, wastani wao, dume ukimsogeza juu kidogo na jike chini kidogo, unatosha.

Ukubwa wa miguu usiutegemee. Manyoya na umbo la kidole hudanganya. Kuna alama moja ya mguu yenye maana, nayo si nyayo. Ni uvimbe juu kidogo ya kiungo cha chini cha mguu wa mbele, panapofanana na kifundo cha mkono wetu. Hapo kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa huongezeka urefu. Uvimbe ukiwa bado mnene, mbwa hajamaliza kurefuka. Haukuambii atafika kilo ngapi.

Mfuko: soma wapi

Picha ya mbele haina habari. Tafuta sentensi ndogo inayosema chakula ni kamili na ni cha hatua gani ya maisha. Kwa mtoto, lazima itaje ukuaji au hatua zote za maisha. Kwenye mifuko inayofuata viwango vya AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya wanyama nchini Marekani, sentensi hiyo inaendelea kusema kama inajumuisha au haijumuishi ukuaji wa mbwa wakubwa, yaani watakaofika pauni 70, karibu kilo 32, au zaidi. Watengenezaji wengi wanaanzia kilo 25 wanapoandika "aina kubwa" mbele ya mfuko. Kama makisio yako yanaangukia kati ya 25 na 35, chagua chakula cha aina kubwa. Mbwa wa kilo 24 hadhuriki akila chakula hicho, ila mbwa wa kilo 40 anaweza kudhurika akila kile kisichomfaa.

Sababu ni kalsiamu. Mbwa mzima hupunguza ufyonzaji wake kalsiamu inapozidi. Mtoto wa miezi ya mwanzo hawezi kujizuia vizuri hivyo, kwa hiyo ziada inaingia mwilini, na gegedu la kwenye ncha za mifupa halibadiliki kuwa mfupa inavyotakiwa. Matokeo ni kuchechemea, miguu kupinda na viungo kuharibika, na wanaoumia zaidi ni mbwa wanaokua kwa kasi. AAFCO inaweka kiwango cha chini cha kalsiamu kwa ukuaji kuwa asilimia 1.2 ya chakula kisicho na maji. Kiwango cha juu ni 2.5 kwa ujumla, lakini 1.8 tu kwa watakaokuwa wakubwa. Kalsiamu isipungue fosforasi, wala isizidi mara mbili yake.

Lebo huandika asilimia pamoja na maji, kwa hiyo geuza. Chakula kikavu chenye unyevu wa asilimia 10 na kalsiamu 1.2: gawa 1.2 kwa 0.90, unapata 1.33. Kinafaa. Cha kopo chenye unyevu 78 na kalsiamu 0.35: gawa kwa 0.22, unapata 1.59. Nacho kinafaa, ingawa kwa kuangalia lebo tu kilionekana hakina kitu. Mfuko usiotaja kalsiamu, na mtengenezaji asiyeijibu akiulizwa, tunauweka kando kwa mbwa wa aina kubwa hata kama unasifiwa vipi.

Usiongeze unga wa maganda ya mayai wala vidonge vya kalsiamu kwenye chakula kamili. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina kalsiamu inayokaribia gramu 2. Mtoto anayekula gramu 297 za chakula kikavu chenye kalsiamu asilimia 1.2 anapata gramu 3.6 kwa siku. Ukimwongezea kijiko anafika 5.6. Chakula hicho kikiwa na kilokalori 380 kwa gramu 100, hiyo ni karibu gramu 5 kwa kila kilokalori 1,000, na kikomo cha mbwa wakubwa ni 4.5. Kosa la upande wa pili ni nyama tupu, ambayo ina fosforasi mara kumi na zaidi ya kalsiamu yake. Mwili huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, mpaka mifupa inavunjika kwa kuruka tu kutoka kitini.

Gramu ngapi

Miongozo ya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa chakula cha wanyama wa nyumbani la Ulaya, inatoa njia iliyo wazi. Mtoto ambaye hajafika nusu ya uzito wake wa mwisho anahitaji kwa siku kilokalori 210 kwa kila kizio cha uzito wa kimetaboliki, yaani uzito uliopunguzwa kwa hesabu ili ulingane na nishati ambayo mwili hutumia. Kati ya asilimia 50 na 80 ni 175. Baada ya hapo ni 140. Kupata kizio hicho kwa kikokotoo cha kawaida, andika uzito mara tatu ukizidisha, kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Kwa kilo 12: 12 × 12 × 12 ni 1,728, kipeuo chake 41.6, kipeuo tena, 6.45.

Sasa kosa la makisio linaingia kwenye bakuli. Mbwa huyu wa kilo 12 ana wiki 20. Ukweli ni kwamba atafika kilo 20, yaani ameshavuka nusu: 6.45 × 175 ni kilokalori 1,130 hivi, ambazo ni gramu 297 za kile chakula cha kilokalori 380. Kanuni ya mara 52 inasema atafika 31, hajafika nusu: 6.45 × 210 ni 1,350 hivi, gramu 356. Tofauti ni karibu gramu 60 kwa siku, kilo 2 na nusu za chakula ndani ya wiki 6.

Namba hizi ni za kuanzia. Mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana. Ndipo mkono unapohitajika. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Kunja ngumi na uguse mifupa ya vidole: mbavu zikiwa kali hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja na uguse mgongo wa kiganja hicho: mbavu zikihisiwa hivyo, yuko sawa. Zikihisiwa kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa, punguza asilimia 10 na upime tena baada ya wiki mbili. Msihofie kumdumaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia Labrador 48 maisha yao yote, ukiwapanga wawili wawili. Mmoja wa kila jozi alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Waliopunguziwa waliishi miaka 13 kwa umri wa kati, wenzao 11.2, na nyonga zao zilikuwa nzima zaidi.

Kikombe kinachokuja na mfuko tunakikataa. Kipimo hubadilika kwa jinsi punje zinavyotikisika na kwa mkono wa anayechota. Pima gramu za siku nzima asubuhi kwa mizani ya jikoni, uziweke kwenye chombo, na kila mlo na kila punje ya mazoezi itoke humo. Vitafunwa vingine visizidi asilimia 10 ya kalori. Gawa mara 4 kwa siku hadi miezi mitatu au minne, mara 3 hadi miezi sita, kisha mara 2. Watu wengi husoma kiasi cha siku kwenye jedwali kana kwamba ni cha mlo mmoja. Hakikisha safu inasema nini.

Chakula kipya kiingize kwa siku 7 hadi 10, robo moja kwanza, na ukiona kinyesi kimelegea rudi hatua moja nyuma. Mbwa mdogo anaweza kuhamia chakula cha wakubwa kati ya miezi 9 na 12, mkubwa kati ya 12 na 18, jitu kati ya 18 na 24. Akihasiwa au akifungwa kizazi kabla ya hapo, abaki kwenye chakula cha ukuaji lakini gramu zipungue, kwa sababu mahitaji yake ya nishati hushuka wakati hamu ya kula inapanda.