Kitufe cha mkoba: wasifu wa kazi kwenye Android

Kinachonikosha katika wasifu wa kazi wa Android, yaani upande wa simu uliotengwa kwa programu za ofisi mbali na zako binafsi, ni kitufe kimoja tu. Unavuta paneli ya juu, unagusa alama ya mkoba, na programu zote za ofisi zinafifia na kuwa kijivu. Arifa za barua pepe zinakoma, kalenda ya kazini inanyamaza. Ukigusa programu iliyozimwa, simu inakuuliza kwanza kama kweli unataka kuiwasha. Swali hilo dogo limeniokoa mara nyingi, maana mkono huwa umeshafika kabla akili haijajua unafuata nini.

Wengi wanaogopa kuchunguliwa. Upande wa mkoba ni wa mwajiri: anaweka programu anazotaka, na siku mkiachana anaweza kuufuta wote. Picha na jumbe za upande wako hazioni.

Ninapotofautiana na wanaokisifia kitufe hiki ni pale wanaposema kinaleta uwiano wa kazi na maisha, kana kwamba siku ni mizani ya sokoni. Mimi saa kumi alasiri nazima, nakaa na mwanangu kwenye hesabu zake za shule (za sehemu bado zinatupiga chenga sote wawili), halafu saa tatu usiku nawasha tena na kumaliza ripoti kwa utulivu. Anayehesabu saa atasema kazi imenila usiku. Hewala, lakini ni mimi niliyeiita. Kinachonichosha ni ofisi kujiingilia tu muda wowote inaotaka, hata kwa dakika mbili.

Na hapo kitufe kina mpaka wake, kwa kuwa kinazima cha upande wa mkoba peke yake. Bosi anayetuma "upo?" kwenye WhatsApp ya namba yako binafsi saa nne usiku hakimgusi. Ufaransa, tangu 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Kwenye timu yetu tulikubaliana kwa mdomo: la dharura unapiga simu, mengine yote yanapitia upande wa mkoba. Ajabu, dharura zimeadimika.

Nyota nne. Kama alama haionekani kwenye paneli, fungua orodha ya programu, ingia sehemu ya kazi. Kitufe kiko chini.