Pampu ya Petroli kwa Gari la Kujiundia: Ipi Ununue Ukiwa Malindi

Gari letu la kwanza la kujiundia, la viti viwili na injini nyuma, lilikuwa na ncha 16 za mipira ya mafuta. Nilizihesabu nikiwa nimelala chini yake kando ya barabara ya Marafa, jua la saa saba mchana, petroli ikidondoka mkononi. Tangu siku hiyo, mtu akija gereji kuuliza anunue pampu gani, namwuliza kwanza petroli yake itapita ncha ngapi za mpira kutoka tangini hadi kwenye injini. Kila ncha ina klipu, upepo wa chumvi unazila klipu zetu, na joto linaikausha mipira. Njia za kupeleka petroli kwenye injini ni tano hapa chini, na nimezipanga kwa hesabu hiyo, yenye ncha chache ikitangulia.

Ya kwanza: pampu ya tangini ya gari lililotoa injini

Wengi hapa hutumia injini ya Probox au Vitz, 1NZ-FE, kwa kuwa spea zake hazikosekani. Injini hiyo haina mpira wa kurudisha mafuta. Pampu, filta na reguleta (kidhibiti cha presha) vimefungwa pamoja, seti nzima inazama ndani ya tangi, na kinachotoka ni mpira mmoja tu wa kwenda kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli kwenye injini. Presha yake ni kPa (kilopaskali) 304 hadi 343, ambayo ndiyo kompyuta ya injini hiyo imepangiwa. Ncha ni 2. Ukipitisha paipu ya chuma katikati zinakuwa 4. Petroli inayoizunguka pampu ndiyo inayoipoza, na huisikii ikilia mgongoni mwako safari nzima.

Kwa hiyo unaponunua injini, usitoke dukani bila seti hiyo, plagi yake ya umeme na waya zake, rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima pampu), na pete ya kuifungia. Angalia pini za plagi. Zikiwa na ukijani, omba nyingine. Oringi, pete ya mpira ya kuziba, nunua mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Waya na rilei zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: kompyuta ndiyo inayoizima pampu injini inapozimika. Pampu iliyoungwa moja kwa moja kwenye swichi itaendelea kusukuma petroli hata gari likiwa limepinduka.

Kazi kubwa ni tangi. Pima urefu wa seti kabla bati halijakatwa, kwani pampu ikining'inia juu ya sakafu ya tangi, lita za mwisho hutazitumia kamwe. Geji ya mafuta nayo itakudanganya kidogo, maana boya lake lilitengenezewa tangi la umbo jingine. Na tafadhali, usimpe fundi wa kuchomelea tangi lililowahi kutiwa petroli. Mvuke uliobaki hulipuka hata kama ndani kunaonekana kukavu. Mwagize atengeneze jipya, lenye kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbilie upande mmoja kwenye kona.

Ya pili: kabureta na pampu ya kusukumwa na injini

Kwa injini za zamani, zinazochanganya petroli na hewa kwa kabureta badala ya nozeli, hii bado ni njia ya heshima. Ncha 6, presha ndogo sana, hakuna umeme. Adui wake ni joto letu: ukizima injini mchana, petroli huchemka kwenye kabureta na kwenye mpira uliopita karibu na egzosi, kisha gari linagoma kuwaka mpaka lipoe. Upitishe mpira mbali na moto.

Ya tatu: filta yenye reguleta ndani, ya aina ya Corvette

Filta hii, iliyopewa jina la gari la Kimarekani la Corvette, ina matundu matatu: la kuingia, la kurudi tangini na la kwenda kwenye injini. Inakaa karibu na tangi, hivyo mpira wa kurudi unakuwa mfupi. Ncha 6. Lakini presha yake ni karibu kPa 400, inayofaa injini za General Motors (GM). Usiifunge kwenye 1NZ.

Ya nne: pampu ya presha kubwa nje ya tangi

Ncha zinakaribia 10. Pampu hizi husukuma vizuri lakini kuvuta haziwezi, kwa hiyo lazima ikae chini ya usawa wa tangi, mahali ambapo mchanga na maji ya chumvi huifikia. Mafuta yakipungua, kona moja inatosha kuivutisha hewa.

Ya mwisho: kitangi cha pili na pampu mbili

Hapa pampu moja hujaza kitangi kidogo, na ya pili huitoa petroli humo kwenda kwenye injini. Hii ndiyo yenye zile ncha 16 zilizonilaza chini kule Marafa. Kwa magari ya mashindano ina sababu. Kwa gari la kwenda Mambrui na kurudi, unanunua pampu mbili ili ufanye kazi ya moja.

Njia yoyote utakayochagua, soma maandishi kwenye mpira. Wenye alama ya SAE J30R7 ni wa kabureta. Kwa nozeli taka J30R9, na kipande kinachozama ndani ya tangi kiwe J30R10. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu, zisizo na matundu ya kuukata mpira. Paipu ya shaba tupu iache, kwa kuwa mtikisiko huifanya iwe ngumu na mwisho hupasuka. Ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli hudumu. Ukimaliza, weka karatasi nyeupe kavu chini ya kila ncha, washa injini dakika kumi, mtungi wa kuzima moto ukiwa karibu, kisha zikague zote kabla hujafunga viti.