Shuhuda au jaribio: uamini kipi?

2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu (dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, iliyosemekana kuponya hata UKIMWI), shilingi 500 tu, foleni ya magari kilomita na kilomita. Kilichowapeleka ni shuhuda: fulani kanywa kapona. Shuhuda ni rahisi kupata na inagusa moyo, ila tatizo lake ni kwamba aliyepona anaongea kwenye redio, asiyepona yuko kimya kwao, na wengine wangepata nafuu hata bila kikombe, sasa utajuaje?

Jaribio linajibu swali hilohilo. 1747 daktari wa meli James Lind alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), akawagawa wawili wawili, chakula kilekile, tofauti ni dawa tu: siki, maji ya bahari (masikini wale!), wengine machungwa na limau. Wa machungwa ndo waliopata nafuu haraka. Kwa vile kulikuwa na wa kulinganisha nao, hoja ina mashiko.

Sawa, 12 ni wachache, na jaribio linakula muda na hela. Mi shuhuda naichukua kama sababu ya kuifanyia dawa jaribio, lakini kuacha ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) kwa ajili ya shuhuda, hapana aisee.