Dawa ya meno isiyo na povu: inaufaa ulimi unaouma, lakini si kila ulimi

Dawa hii ya meno imetengenezwa bila sodiamu laurili salfeti, ile kemikali ya kutoa povu ambayo mara nyingi hufupishwa kuwa SLS, na haikutiwa ladha ya mdalasini, ambayo nayo huwadhuru baadhi ya watu midomoni. Niliianza wakati ulimi wangu ulipokuwa ukiwaka kila nilipopiga mswaki, umevimba kidogo na kingo zake zimebaki na alama za meno. Mwako ulipungua kwanza, kisha uvimbe ukaisha, na kwa hilo ninaisifu bila kusita.

Ni nzito kidogo, haijai mdomoni, na mnanaa wake ni hafifu kiasi kwamba aliyezoea povu jingi atadhani meno hayajatakata. Asitie shaka, kwa kuwa utando wa meno huondolewa hasa na nyuzi za mswaki. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba watengenezaji hawakuiondoa floraidi, ambayo imo kwa kiwango cha sehemu 1,450 kwa milioni. Dawa kadhaa zinazonadiwa kuwa za asili hazina madini hayo, na mtumiaji huuponya ulimi huku akiyaacha meno bila kinga.

Lawama yangu ni kwa maneno ya kwenye kasha, yanayodai kwamba dawa hutuliza ulimi unaouma, bila kusema ni ulimi gani. Ulimi mwekundu, laini, uliopoteza vijipele vyake vya juu, mara nyingi huashiria upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au foleti, na hapo kinachohitajika ni kipimo cha damu. Wanaotumia metformini kwa muda mrefu wazingatie hilo hasa, kwa sababu dawa hiyo ya kisukari inaweza kupunguza B12 mwilini. Utando mweupe unaobanduka ukikwanguliwa na kuacha wekundu chini yake kwa kawaida ni fangasi, ambao huwapata zaidi waliotoka kumeza antibiotiki, wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua baadaye, na wanaolala na meno bandia. Jino lililovunjika nalo huukwaruza upande uleule wa ulimi kila mtu anapozungumza, wala hakuna dawa ya mswaki itakayoshinda msuguano huo mpaka daktari wa meno aichonge ncha yake.

Wanaoweza kunufaika ni wale ambao ulimi wao unachokozwa na dawa ya meno yenyewe, na baadhi ya wenye vidonda vidogo vinavyorudi mara kwa mara.

Lipo pia jambo ambalo kasha halipaswi kulinyamazia. Ulimi unaovimba ghafla, hasa kwa mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu kama enalaprili au lisinoprili, hata kama amezitumia miaka mingi bila tatizo, unaweza kuziba njia ya hewa, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja. Kidonda cha ulimi kisichopona kwa wiki 3 nacho kichunguzwe, kwa kuwa saratani huweza kuanza hivyo. Onyo hilo lingeenea katika mistari michache, na nafasi ipo nyuma ya kasha, chini ya orodha ya viambato.