Cessna 172S kwa safari ndefu za Uganda

Kwa marafiki wanaoruka pamoja kutoka Entebbe hadi Kasese, takriban kilomita 260, tunaipendekeza Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, kwa moyo wote, ila kwa watu wawili au watatu. Wanne ni wengi.

Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 27, hewa huwa nyepesi kana kwamba mko juu ya futi 6,000, na ndege hupanda kwa uvivu. Matangi yakijaa, lita 200 zinazotumika zina uzito wa kilo 144 hivi, na uzito wote wakati wa kuruka usizidi kilo 1,157.

Kosa linaloharibu safari nyingi ni mafuta kuzidi hewa kwenye injini. Kwa mwinuko huu, shika breki, fungua nguvu zote, kisha vuta polepole kitasa chekundu, kile cha kupunguza mafuta, hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Usipofanya hivyo, plagi hushika masizi na injini hukohoa.

Asubuhi chuja maji yaliyoingia kwenye mafuta kupitia vali zote 13. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo mwenzako akusaidie, nawe umkagulie propela kama imepigwa na changarawe.

Milima ya Rwenzori ipigeni picha kutoka mbali: kilele cha Margherita kina mita 5,109, na ndege hii inaishia kama 4,270. Mkiruka kwa ndege kadhaa, kiongozi wa msafara awe mwenye ndege ya polepole zaidi.