Miezi mitatu na programu ya kufundisha "phrasal verbs": nimeipa nyota tatu

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Mji Mkongwe, huu mwaka wa sita. Kiingereza changu si haba. Kuandikisha wageni, kuwaelekeza Forodhani, kubishana na dereva wa teksi kwa niaba yao, hayo yote nayamudu. Kinachoniangusha ni vile vitenzi vya Waingereza vyenye kijineno nyuma, ndiyo hizo phrasal verbs.

Siku hiyo mgeni Mwingereza alishuka ngazi amenuna, akaniambia: "My alarm didn't go off." Mimi ninavyojua, off ni kuzima, taa off, feni off. Kwa hiyo nikaelewa kwamba saa yake imelia usiku kucha na imekataa kuzimika. Nikamwomba radhi kwa kelele, nikamwahidi kumpandishia fundi. Kumbe haikulia kabisa, na boti ya saa moja ilishamwacha.

Jioni ile ile nikapakua programu ya simu ya kufundisha vitenzi hivyo. Jina silitaji, maana nina malalamiko. Nililipa shilingi elfu kumi kwa mwezi: kadi tano kila siku, sauti na mazoezi.

Nianze na sauti, kwa sababu hapo pesa yangu ilirudi. Miaka yote nilikuwa nakimeza kile kijineno. Sauti zao zikanionyesha kwamba mgeni anaposema ana-check out, yaani anaondoka hotelini, mkazo unakaa kwenye out. Akiuliza saa ya check-out, kama jina, mkazo unahamia kwenye check. Nilikaa na spika masikioni nikirudia mpaka mlinzi akaniuliza nazungumza na nani. Na nikijichanganya kuandika "pick up it" badala ya "pick it up", skrini inakuwa nyekundu papo hapo. Kosa hilo sifanyi tena.

Sasa maana. Kitenzi cha kwanza kukitafuta kilikuwa go off, bila shaka. Kadi ikaniletea picha ya bomu na neno moja: kulipuka. Basi. Saa ya mgeni wangu ilipuke? Ikabidi nichukue daftari la zamu nianze kuokota mwenyewe kwa wageni. Bomu likilipuka, lime-go off. Saa ikilia, ime-go off. Taa ikizimika, nayo ime-go off. Maziwa ya kifungua kinywa yakichacha, hivyo hivyo. Yaani kengele inaanza kazi, taa inaacha kazi, na kitenzi ni kimoja!

Make up nayo waliipa maana ya kubuni uongo tu. Kwetu hotelini kuna kibao wageni wanatundika mlangoni, "Please make up my room". Kwa kadi ile, dada wa vyumba angeingia kutunga hadithi badala ya kutandika kitanda. Kujipodoa hawakugusia, wala kupatana baada ya ugomvi.

Tafsiri za Kiswahili ndiyo aibu zaidi. Put up with, yaani kuvumilia, wameandika "weka juu na". Hakuna Mswahili aliyeisoma kadi ile kabla ya kuuzwa. Halafu zoezi likaninyima alama nilipoandika fill out the form, yaani jaza fomu, likitaka fill in tu, wakati Wamarekani wanaofika dirishani kwangu wanasema fill out kila siku na fomu ni ile ile.

Lakini tusiwaonee Waingereza. Mjerumani mmoja anayejifunza Kiswahili aliniuliza kwa nini tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga simu na bado tunapiga deki. Sikuwa na jibu. Na Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, alikiri kwenye dibaji kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowapa wageni shida kubwa kuliko yote. Nilivyosoma hivyo nilipumua.

Mwezi wa nne sikulipia. Anayetaka kunoa matamshi, mwezi mmoja unamtosha, daftari likiwa pembeni. Anayetaka maana, asiitegemee. Nyota mbili nilizowanyima ni za tafsiri na za lile bomu. Wakiirekebisha kadi ya go off, nitalipia tena.